Je, Wajua? Ghorofa Hupanda Upesi Kuliko Reli

Je, wajua kwamba jengo la ghorofa 20 laweza kukamilika kwa miaka miwili au mitatu, ilhali njia mpya ya reli ya mjini, tangu kuchorwa hadi abiria wa kwanza kukata tiketi, mara nyingi huchukua miaka kumi na zaidi? Pengo hilo la miaka ndiyo habari ya safu yetu leo. Serikali nyingi sasa zinataka watu wengi zaidi waishi karibu na stesheni za vitongojini, na zina sababu njema: anayekaa hatua chache kutoka kwenye treni anaweza kuishi bila gari. Lakini bado anahitaji jukwaa lenye nafasi, ngazi pana, njia ya miguu yenye taa, shule ya watoto na maji ya bomba, na vingi kati ya hivyo havimo kwenye mkataba wa mwenye ghorofa.

Je, wajua mtu mzima hutembea mita 80 hivi kwa dakika? Kwa dakika tano ni mita 400, kwa dakika kumi ni mita 800. Ndiyo asili ya namba hizo mbili zinazojirudia katika sheria za mipango miji. Jimbo la British Columbia, Kanada, lilipitisha sheria mwaka 2023 inayopima kila kitu kutoka kwenye stesheni ya treni ya mjini, SkyTrain: ndani ya mita 200 halmashauri haiwezi kukataa jengo kwa urefu wake ikiwa halizidi ghorofa 20, kutoka hapo hadi mita 400, ghorofa 12, hadi mita 800, ghorofa 8. Wala halmashauri haiwezi tena kumlazimisha mjenzi kuweka maegesho ya magari ya wakazi katika maeneo hayo.

New Zealand ilitangulia. Tangu mwaka 2020 miji yake mikubwa inatakiwa kuruhusu angalau ghorofa sita kwenye umbali wa kutembea kutoka stesheni za treni na vituo vya mabasi ya haraka. Massachusetts, Marekani, ilipitisha sheria yake Januari 2021 na kuzigusa halmashauri 177. Jimbo la New South Wales, Australia, lilitangaza mpango wake Desemba 2023, na kuanzia 2024 ukaanza kutumika ndani ya mita 400 za stesheni zilizochaguliwa, hasa Sydney na vitongoji vyake.

Je, wajua gari moja lililoegeshwa, ukihesabu na njia ya kuingilia na kutokea, hula mita za mraba 25 hadi 30? Maegesho ya magari 1,000 kando ya stesheni ni hekta mbili na nusu au tatu za ardhi iliyo karibu kuliko zote na treni. Magari mengi hayo huleta mtu mmoja mmoja. Abiria wote wa maegesho yale, wakipanda pamoja, wanaenea katika treni moja ya mabehewa kumi. California iliiona hesabu hii mwaka 2022 ilipofuta ulazima wa maegesho kwa majengo yaliyo ndani ya nusu maili ya vituo vikubwa vya usafiri wa umma.

Je, wajua wazo la kujenga reli na nyumba kwa mkono mmoja lina zaidi ya miaka 100? Mwaka 1910, Kobayashi Ichizo alifungua reli ya umeme kutoka Osaka kwenda Takarazuka, kupitia mashamba ambayo hayakuwa na abiria wa kutosha. Akanunua ardhi kando ya njia, akajenga nyumba huko Ikeda na kuziuza kwa malipo ya kila mwezi, jambo geni wakati ule. Upande wa mwisho wa reli akaweka sehemu ya maji moto na, mwaka 1914, jukwaa la maonyesho lililokuja kuwa maarufu Japani nzima. Upande wa mjini, mwaka 1929, akafungua duka kubwa juu ya stesheni ya Umeda. Sababu yake ilikuwa ya mtu anayejua treni: nyumba peke yake hujaza mabehewa asubuhi kwenda mjini na kuyarudisha matupu. Maonyesho na duka viliwapa watu sababu ya kusafiri kwa upande mwingine na kwa saa nyingine. Mipango mingi ya leo inayoweka fleti pekee kuzunguka stesheni, bila kazi, soko wala shule, imelisahau jambo hilo ambalo Kobayashi alilijua kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Na London? Kampuni ya Metropolitan Railway iliunda tawi lake la nyumba mwaka 1919, ikauza makazi kaskazini-magharibi ya jiji kwa jina la Metro-land. Ukitaka kuona kasi ya nyumba ilivyoishinda stesheni, tazama Rayners Lane. Ilifunguliwa mwaka 1906 kama kituo kidogo katikati ya mashamba. Mwaka 1930 ilipata abiria 22,000 kwa mwaka mzima. Mwaka 1937 walikuwa milioni 4. Stesheni ya maana ilijengwa hapo mwaka 1938, baada ya watu kuwa wamekwisha kufika.

Copenhagen ilichora ramani yake mwaka 1947 kwa umbo la kiganja: mji wa kale ndio kiganja, reli za vitongoji ndizo vidole, na ardhi ya kijani kati ya vidole haijengwi. Ramani ile bado inaongoza mji huo.

Je, wajua kuna stesheni iliyojengwa, ikakamilika, ikafungwa kwa miaka miwili na nusu kwa sababu nyumba zilichelewa? Ni Buangkok, Singapore. Reli ya North East Line ilianza kazi Juni 2003, lakini treni zilipita Buangkok bila kusimama, kwa hoja kwamba wakazi wa jirani hawakuwa wametosha kulipa gharama za kuiendesha. Wakazi wachache waliokuwapo wakawa wanaiona stesheni mpya kila siku na kupanda basi kwenda nyingine. Agosti 2005, waziri mmoja alipotembelea eneo hilo, alikuta tembo wanane weupe wa maboksi wamesimamishwa kando ya barabara; kwa Kiingereza, tembo mweupe ni kitu cha gharama kisicho na faida. Polisi walichunguza nani aliyewaweka. Habari ile ikaenea nchi nzima, wasichana wa shule wakataka kuuza fulana zenye picha ya tembo, na Januari 2006 Buangkok ikafunguliwa. Leo imezungukwa na maghorofa. Kwa maoni yangu Singapore ilikosea katika kufunga mlango, si katika kujenga mapema. Kuchimba stesheni chini ya mtaa uliokwisha kujaa watu ni kazi ghali na ya usumbufu mkubwa kuliko kuichimba chini ya shamba.

Chongqing, China, ilijenga mapema na ikafungua. Stesheni ya Caojiawan ilianza mwaka 2015 na milango yake ilitokeza kwenye majani marefu, bila barabara wala jirani. Picha zake zilisambaa duniani na watu wakacheka. Miaka michache baadaye barabara zilikuwa zimefika na majengo yakainuka pande zote.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Vienna. Kwenye uwanja wa zamani wa ndege wa Aspern, mji ulipanga mtaa mpya wa watu zaidi ya 20,000. Oktoba 2013 reli ya chini ya ardhi, njia ya U2, ikafika hapo. Wakazi wa kwanza wa mtaa huo walihamia mwaka 2014. Kwa muda, treni zilifika mwisho wa njia katikati ya mashimo na kreni za ujenzi. Lakini familia iliyohamia siku ya kwanza ilikuwa na treni siku ya kwanza, na haikulazimika kununua gari la kusubiria reli. Tabia ya kusafiri hujengeka mtu anapohama; aliyekwisha kununua gari kwa sababu treni ilichelewa haliuzi siku treni inapokuja.

Je, nani alipe? Hapa ndipo mipango mingi hukwama, na hapa Hong Kong ina jibu lake. Reli ya MTR ilianza kubeba abiria Oktoba 1979. Serikali huipa kampuni ya reli haki ya kujenga juu ya stesheni na karakana kwa bei ya ardhi kama vile reli haipo. Reli ikijengwa, thamani ya ardhi ile hupanda, na faida ya kupanda huko hurudi kwenye kampuni kugharimia njia mpya. Telford Gardens, mtaa mzima wa maghorofa, umekaa juu ya karakana ya treni ya Kowloon Bay. Wakazi wanalala juu, treni zinasafishwa na kutengenezwa chini.

London ilichagua njia nyingine. Tangu Aprili 2012, majengo mapya mengi jijini humo yanatozwa ada ya miundombinu ya meya, na fedha hizo zilisaidia kujenga reli ya Elizabeth, iliyofunguliwa Mei 2022. Ukijenga fleti, umechangia treni.

Barking Riverside, mashariki ya London, ni kisa cha subira. Ni ardhi ya zamani ya kiwanda cha umeme kando ya mto Thames, na kibali kiliruhusu nyumba 10,800. Lakini kibali hicho kilikuwa na kizuizi: mjenzi asipite idadi ndogo ya nyumba kabla ya usafiri wa reli kuhakikishwa. Mpango wa kwanza wa reli nyepesi ulifutwa mwaka 2008. Ujenzi wa nyumba ukaendelea polepole kwa miaka, kwa sababu kizuizi kilibaki palepale. Hatimaye reli ya Overground ilirefushwa, mjenzi wa mtaa akachangia sehemu kubwa ya gharama, na stesheni ikafunguliwa Julai 2022. Wapo wanaosema masharti kama hayo huchelewesha makazi. Ni kweli yanachelewesha. Lakini bila sharti lile, watu elfu kwa elfu wangekuwa wamehamia kwenye kona ya mto wakitegemea mabasi peke yake, na mjenzi aliyekwisha kuuza nyumba zote asingekuwa na sababu ya kuchangia hata senti.

Je, wajua stesheni inaweza kuwepo, treni zikapita, na wakazi wa ghorofani wakaikwepa kwa sababu ya nauli? Green Square, kilomita chache kusini mwa katikati ya Sydney, ilipata stesheni mwaka 2000 kwa mkataba na kampuni binafsi. Kampuni ilitoza ada ya kupita kwenye stesheni juu ya nauli ya kawaida. Viwanda vya zamani vikageuzwa kuwa mtaa wa maghorofa uliobanana kuliko karibu yote Australia, na bado watu wengi walitembea hadi stesheni nyingine au wakabanana kwenye mabasi. Machi 2011 serikali ya jimbo ikakubali kuilipa ada hiyo kwa niaba ya abiria wa Green Square na stesheni jirani ya Mascot. Idadi ya abiria ikapanda kwa kasi, bila kuongezwa hata reli moja.

Sasa tuje Japani tena, kwa kisa ambacho kila mpanga mji angefaa kukisoma mara mbili. Musashi-Kosugi ni sehemu ya jiji la Kawasaki, kati ya Tokyo na Yokohama. Palikuwa pa viwanda. Viwanda vilipoondoka, maghorofa marefu yakainuka kwa haraka tangu mwishoni mwa miaka ya 2000. Machi 2010 jukwaa la njia ya Yokosuka likafunguliwa hapo, na ghafla mkazi aliweza kufika stesheni kuu ya Tokyo bila kubadilisha treni. Fleti zikanunuliwa kama karanga.

Treni zilitosha, kwa kiasi. Kilichokuwa chembamba ni jukwaa. Abiria wa kwenda Tokyo na wa kwenda Yokohama walisimama kwenye jukwaa moja, na asubuhi foleni ikarudi nyuma hadi nje ya mageti ya tiketi, barabarani. Watu walipanga foleni kuingia stesheni kabla ya kupanga foleni ya treni. Mwaka 2018 wakaongeza mlango wa kuingilia. Desemba 2022, miaka 12 na zaidi baada ya jukwaa lile kufunguliwa, jukwaa la pili likaanza kutumika.

Na si jukwaa peke yake. Shule mpya ya msingi ilibidi ifunguliwe mwaka 2019 kwa ajili ya watoto wa maghorofa yale. Oktoba mwaka huohuo kimbunga Hagibis kikaleta mafuriko. Maji yakaingia chini ya jengo moja la ghorofa 47 na kuharibu mitambo ya umeme. Lifti zikasimama, pampu za maji zikasimama, vyoo havikutumika, na watu wa ghorofa za juu wakapanda ngazi gizani na ndoo mkononi. Mfereji wa maji ya mvua ni miundombinu ya stesheni sawasawa na reli, kwa sababu stesheni ndiyo iliyowaleta watu wote hao mahali pamoja.

Mji wa Kobe, Japani hukohuko, ulitazama yanayotokea kwingine ukachukua hatua kali: tangu Julai 2020 umezuia ujenzi wa nyumba za kukaa karibu kabisa na stesheni yake kuu ya Sannomiya, na kuzibana katika eneo linaloizunguka, ili ardhi ile ibaki ya maduka na ofisi na shule zisizidiwe.

Je, wajua daraja la miguu linaweza kuua? Mumbai ilikuwa na mtaa wa viwanda vya nguo karibu na stesheni za Parel na Elphinstone Road. Baada ya mgomo mkubwa wa wafanyakazi ulioanza mwaka 1982, viwanda vilikufa kimoja baada ya kingine, na ardhi yao ikapandishwa maduka, ofisi na makazi marefu. Umati uliokuwa ukitembea kutoka nyumba za wafanyakazi kwenda kiwandani sasa ukawa unakuja kwa treni. Stesheni mbili zile ziliunganishwa na daraja jembamba. Wasafiri walilalamika kwa miaka. Asubuhi ya tarehe 29 Septemba 2017 mvua kubwa ilinyesha. Waliokuwa darajani wakasimama kujikinga, treni zikaendelea kuleta wengine, na katika msongamano ule watu zaidi ya 20 wakafa kwa kukanyagwa na kubanwa. Daraja jipya lilijengwa na wanajeshi na kufunguliwa Februari 2018, miezi mitano tu baadaye. Kazi ya miezi mitano ilikuwa imesubiri miaka. Kila ninapoona mchoro wa mtaa mpya karibu na stesheni natafuta kwanza upana wa daraja na ngazi, kabla sijatazama idadi ya nyumba.

Reli za vitongoji za Mumbai hubeba mamilioni ya watu kwa siku, na wakati wa msongamano mkubwa wahandisi wake huhesabu abiria 14 hadi 16 waliosimama kwenye mita moja ya mraba. Soma tena: mita moja.

Je, wajua treni nyingi zaidi zinaweza kuongeza foleni ya magari? Ni pale reli inapokatana na barabara kwenye usawa mmoja. Kila treni ikipita, kizuizi hushuka. Ukiongeza treni kutoka sita hadi kumi na mbili kwa saa, kila upande, kizuizi chaweza kukaa chini zaidi ya kinavyokaa juu, na mabasi ya kuleta abiria stesheni ndiyo yanayokwama. Melbourne ilianza mwaka 2015 kuviondoa vivuko hivyo, na lengo lake sasa ni kuondoa 110 ifikapo 2030. Katika njia ya kwenda Dandenong iliinua reli juu ya nguzo, ikaondoa vivuko tisa, na chini ya treni zikapatikana bustani na njia za baiskeli.

Je, wajua reli ileile inaweza kubeba watu wengi zaidi bila kuongezwa njia? Mojawapo ya dawa ni ishara. Ishara za zamani hugawa reli vipande, na kipande kimoja hakiingii treni mbili. Mitambo mipya hujua kila treni iko wapi na huiruhusu inayofuata kusogea karibu zaidi. Njia ya Victoria, London, tangu 2017 hupitisha treni 36 kwa saa wakati wa msongamano, yaani moja kila sekunde 100. Paris ilifanya jingine: njia ya RER A, inayobeba zaidi ya watu milioni moja kwa siku ya kazi, tangu 2017 inatumia treni za ghorofa mbili pekee. Umeme nao husaidia. Treni ya umeme hushika mwendo haraka kuliko ya dizeli, na kwenye njia ya kitongojini yenye kusimama kila baada ya kilomita mbili, sekunde hizo hujumlishwa zikawa treni ya ziada.

Lakini mlango ukiwa mwembamba, yote hayo ni bure. Muda ambao treni inasimama kushusha na kupakia ndio huamua ngapi zitapita kwa saa.

Arlington, Virginia, ng'ambo ya mto kutoka Washington, iliamua jambo moja la busara kabla reli haijachimbwa. Ilikuwa rahisi zaidi kuiweka treni katikati ya barabara kuu ya magari. Kaunti ikashikilia ipite chini ya mtaa wake wa zamani wa biashara, ingawa ingegharimu zaidi. Njia ikafika Ballston Desemba 1979. Majengo marefu yaliruhusiwa hatua chache kutoka kila stesheni, yakashuka kimo kadiri unavyosogea kwenye nyumba za zamani. Kama reli ingekaa katikati ya barabara kuu, nusu ya mzunguko wa kila stesheni ingekuwa lami na moshi.

Je, wajua shule za Toronto hubandika matangazo kwenye viwanja vya maghorofa yanayojengwa, kuwaonya wanunuzi kwamba watoto wao huenda wasipate nafasi katika shule ya jirani? Tangazo la namna hiyo ni unyofu wa kupendeza, na ni aibu kwa mji uliotoa kibali.

Tuingie nyumbani. Je, wajua Syokimau, iliyozinduliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, ilitajwa kuwa stesheni mpya ya kwanza kujengwa Kenya tangu uhuru? Karibu nusu karne Nairobi ilipanuka kuelekea Embakasi, Githurai, Kahawa, Ruiru na Kikuyu juu ya reli nyembamba ya njia moja iliyoachwa na wakoloni. Ile ya Thika ilifunguliwa mwaka 1913. Njia moja maana yake treni inayokwenda lazima isubiri inayokuja. Ndiyo sababu kubwa kwamba treni za Nairobi ni chache, asubuhi kwenda mjini na jioni kurudi, hata pale zinapopita kando ya mitaa iliyojaa kama Pipeline, ambako ghorofa za kupangisha zimebanana hadi jua halifiki chini. Msongamano wa watu upo tayari, bila sheria yoyote ya kuuruhusu. Kilichobaki nyuma ni reli, pamoja na njia salama ya kuifikia. Oktoba 2013 basi liligongwa na treni kwenye kivuko cha Mutindwa, Umoja, na zaidi ya watu kumi wakafa.

Dar es Salaam ilipata treni yake ya mjini Oktoba 2012. Wananchi wakaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Ilitumia reli mbili za zamani: moja kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, nyingine ya TAZARA hadi Mwakanga. Hakuna reli mpya iliyojengwa. Reli ilikuwapo miaka yote, na watu walikuwa wamejenga kandokando yake. Mwaka 2024 ikaja reli ya kisasa ya umeme, SGR, na Pugu ikawa stesheni ya kwanza baada ya kutoka mjini. Treni hiyo ya kwenda Morogoro na Dodoma ni ya safari ndefu. Mkazi wa Pugu au Gongo la Mboto anayewahi kazini Kariakoo bado anahitaji treni fupi, za mara kwa mara, na daladala au bajaji inayomfikisha stesheni bila kuzunguka.

Je, wajua gharama ya kuchelewa kuitunza ardhi ya reli? Kibera na Mukuru, Nairobi, watu waliishi na kufanya biashara hatua moja kutoka kwenye njia ya treni. Ili treni zipite salama, mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulilazimika kujenga nyumba na vibanda vya biashara kwa ajili ya maelfu ya watu, kisha ukuta wa kutenga reli. Ilikuwa haki kuwajengea. Watu wale hawakuwa na kwingine. Lakini hesabu hiyo ingekuwa ndogo kama ardhi ya kando ya reli ingelindwa mapema.

Stockholm ilijenga daraja la Traneberg mwaka 1934 na kuliacha na upana wa kutosha reli ya baadaye. Reli ya chini ya ardhi ilianza kulitumia mwaka 1952, njiani kwenda Vällingby, mtaa uliozinduliwa mwaka 1954 ukiwa na nyumba, kazi na maduka kuzunguka stesheni.

Na Toronto, mji uleule wa matangazo ya shule, uliwahi kuwa na wahandisi waliotazama mbali. Daraja lake kubwa la Prince Edward juu ya bonde la mto Don lilikamilika mwaka 1918. Lilijengwa na sakafu ya pili chini ya barabara, kwa ajili ya treni ambazo mji haukuwa nazo bado. Treni ya kwanza ya abiria ilipita kwenye sakafu hiyo mwaka 1966, na mji haukulazimika kujenga daraja jingine juu ya mto huo.